Wauza gesi ya welding Mombasa, "gesi ni gesi" ndiyo lugha gani?

Wakuu, nimekasirika na leo sifichi. Karakana yangu iko Changamwe, kazi yangu mageti na grili, chuma cha kawaida tu. Nimeagiza mtungi wa mchanganyiko wa argoni na CO2 kwa ajili ya mashine ya MIG (ile inayolisha waya yenyewe huku gesi ikiukinga mshono na hewa), nikalipa, mtungi ukaletwa. Kusoma lebo: argoni tupu! Napiga simu dukani, kijana ananiambia, "Gesi ni gesi, mzee, tena hiyo ndiyo bora zaidi."

Bora kwa nani? Argoni tupu ni ya alumini. Nimeijaribu kwenye vyuma chakavu: moto unayumba, mshono umelala juu ya chuma kama jongoo ukutani, kando zimechimbika, ndani haukuzama. Hilo geti nimpe mteja kweli? Chuma cha kawaida kinataka argoni asilimia 75 na CO2 asilimia 25, au 80 kwa 20. Hata CO2 peke yake ingenifaa. Ni rahisi na inazama vizuri, ila cheche zake utazibandua kwa patasi mpaka mkono uume.

Nikaomba wanibadilishie. Eti mtungi ukishafunguliwa haurudi. Sasa hiyo "bora zaidi" yao ningeihakikishaje bila kuufungua? Na lebo yao wenyewe si ushahidi?

Halafu duka hilohilo limemuuzia jirani yangu mashine ya MIG iliyofungwa tochi (mkono wa kuchomelea) kwenye ncha hasi ya umeme. Hiyo ni ya waya wenye poda ndani, usiotumia gesi. Waya usio na poda, ule wa gesi, unataka tochi kwenye chanya, na rola ya kusukuma waya iwe laini, ya mfereji wa V, si ile ya meno inayousaga waya. Alipowauliza mbona inarusha cheche ovyo, wakamwambia aongeze gesi! Jamani, lita 10 hadi 15 kwa dakika zatosha. Ukifungulia kupita kiasi gesi inajizungusha, inavuta hewa, mshono unajaa vishimo. Upepo wa bahari ukiingia karakanani, dawa ni turubai. Lakini gesi nyingi ni mauzo, sivyo?

Nauliza walioko Shimanzi, Miritini, hata Likoni: nani anauza mchanganyiko wa kweli na anakubali uusome mtungi kabla hujalipa? Na kuna aliyewahi kurudishiwa pesa na hawa watu? Alifanyaje?