Wamesalimiana kupitia tundu la soketi yangu, jipsamu imelipuliwa wakuu!!!

Wakuu hata robo saa haijaisha tangu fundi atoke mlangoni, naandika nimesimama maana pa kukaa hakuna, kila kiti kina vumbi la jipsamu ambalo ukiandika jina kwa kidole linasomeka mpaka kesho kutwa. Huyu mtu mnamjua. Simtaji na sina haja ya kumtaja, ni yuleyule mwenye penseli sikioni ambayo haijawahi kugusa ubao tangu inunuliwe, yule anayesema "usijali bosi" kabla hujamaliza swali.

Kazi ilikuwa ukuta mmoja. Mmoja jamani! Ukuta wa kugawa chumba, fremu ya chuma ilishasimama, umeme ulishavutwa, yeye afunike bodi pande mbili na atoboe matundu matatu, mawili ya soketi na moja la swichi, aondoke zake. Bodi zile za kawaida, milimita 12.5, mita 1.2 kwa 2.4, nimezipokea mwenyewe, nimezilaza juu ya vipande vya mbao zisiguse sakafu, usiku nimeamka kwenda kuangalia kama zimepinda. Halafu anakuja mtu anachomoa GRAINDA. Ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa, anakata jipsamu kama anakata nondo. Dakika mbili tu sioni hata mkono wangu. Paka aliingia mweusi katoka mweupe, sasa hivi wenzake wanamkimbia.

Nikamwambia kwa upole kabisa, kaka si kuna kisu? Hii kitu ni karatasi mbili zimebana jipsamu katikati, unachana karatasi ya mbele, unaivunja, inafuata mstari yenyewe, unamalizia karatasi ya nyuma, basi. Akaniangalia kama nimemtukania ukoo, akasema "hayo ya kwenye video bosi, hapa ni saiti". SAITI. Sebuleni kwangu.

Sawa, nikameza. Tukaja kwenye soketi. Tepu ya kupimia ipo kiunoni inaning'inia, hajaigusa. Akasimamisha bodi, akaifunga skrubu, ndipo akaanza kutafuta boksi la soketi liko wapi, akagonga kwa kifundo cha kidole, ngo ngo ngo, katega sikio kama daktari, akasema "lipo hapa". Halikuwepo hapo. Akachukua nyundo (NYUNDO!) akapiga, akachungulia, akasema "aah limesogea". Boksi limefungwa kwenye chuma kwa skrubu mbili, linasogea linaenda wapi? Akapiga pembeni. Matundu mawili yakakutana likawa tundu moja refu kama mdomo wa kiboko. Mfuniko wa soketi nimeupima una milimita 86, ukiuweka pale unaelea, hauna pa kushika kulia wala kushoto.

Nikamwambia kaka hili tundu ni kubwa. Sasa ndipo hapa wakuu, naomba msome taratibu. Akakunja ngumi, akaipitisha kwenye tundu pembeni ya boksi mpaka karibu na kiwiko, akasema "si unaona bosi, mkono unapita, siku ukitaka kurekebisha waya hupati shida". Upande wa pili ulikuwa bado haujafunikwa na msaidizi wake alikuwa huko, AKAMPA MKONO. WAKASALIMIANA. Kupitia ukuta wangu! Wanatikisana mikono na kucheka, na mimi nimesimama hapo na pesa yangu!

Eti "skimu itaficha", ile plasta laini ya juu. Skimu gani inaficha tundu la kusalimiana watu?

Kisu Kikali:
Hahahaha nimecheka mpaka nimeamsha watu. Pole mkuu ila wewe nawe, grainda uliiona inaingia mlangoni ukanyamaza? Mtu akija kukata jipsamu na grainda unamrudishia hapohapo nje.

Mama Wawili:
Huyo huyo! Penseli sikioni, kaptula ya mifuko kumi, huyo huyo! Mimi alinifanyia mlango. Bodi mbili amezikutanisha pale pale kwenye kona ya fremu ya mlango, nikamuuliza mbona nimeona wengine wanakata bodi nzima umbo la L ili maungio yaje juu ya mlango katikati, akaniambia "mama unapoteza bodi". Mlango umefungwa kwa nguvu mara mbili tatu, ufa huo umepanda mpaka dari. Kila nikipita nauona, nimeusugua msasa nimeupaka tena umerudi. Kona ya mlango ndipo ukuta unapotikisika kuliko kwingine kote, hata mimi nisiye fundi najua.

Mleta mada:
Dada pole sana, ila alikusalimia mtu kupitia ukuta? Hapana. Mimi nimesalimiwa ukuta.

Msasa Mia Mbili:
Mimi ni fundi wa hizi kazi na naomba msituchanganye wote kapu moja, inauma. Kukata jipsamu vizuri wala si siri. Kisu cha bledi, na bledi iwe mpya, mtu anafanya kazi siku tatu na bledi ileile ndiyo maana karatasi inachanika manyoyamanyoya. Weka rula ndefu ya chuma, chana upande wa mbele, mara ya kwanza kwa mkono mwepesi ili mstari ukae, mara ya pili ndiyo ukandamize. Kidole chako kisivuke ukingo wa rula, nina kovu nawaambia. Kisha isimamishe, gonga kwa goti kutoka nyuma, tah! Inasikika. Unaikunja, unakata karatasi ya nyuma, unapitisha tupa kwenye ukingo. Haifiki dakika moja na vumbi ni lile la kufagia kwa kiganja.

Na ukikata, kata pungufu milimita 3 hadi 5 kuliko nafasi yenyewe. Ukikata sawasawa kabisa utalazimisha kwa ngumi na kona itasagika. Chini acha kama sentimita moja isiguse sakafu, siku maji yakimwagika jipsamu inayanywa kama utambi, na hiyo nafasi skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, itaificha.

Soketi: paka chaki kwenye midomo ya boksi, isimamishe bodi mahali pake, ibonyeze, itoe, nyuma utakuta alama imejichora yenyewe. Unatoboa kwa kile kisumeno chembamba chenye ncha kabla hujafunga bodi. Nyundo inatokea wapi hapo? Nyundo inapasua jipsamu kwa nyuma ambako huoni, mbele unaona tundu dogo kumbe nyuma kimemeguka kipande cha sahani nzima.

Mleta mada:
Mkuu umenipa raha roho imetulia kidogo. Chaki tu! Kipande cha chaki! Na penseli ilikuwa SIKIONI. Lakini umesoma pale walipopeana mikono? Maana naona umepita haraka.

Msasa Mia Mbili:
Nimesoma mkuu. Nimeona aibu kwa niaba ya fani.

Bodi Ngumu:
Mnamwonea tu. Nyie mliwahi kubeba bodi nzima peke yenu? Ina kilo 25 hivi, ukizungusha vibaya inavunjikia mkononi. Mtu amebeba kumi asubuhi, unataka tena akupimie na chaki. Grainda inaokoa muda, mimi mwenyewe naitumia na wateja wanarudi.

Kisu Kikali:
Wanarudi kudai chenji yao.

Mzee wa Pimamaji:
Wewe Bodi Ngumu kijana wangu nikwambie. Grainda kwenye jipsamu ni ujinga mara tatu. Kwanza mapafu, lile vumbi linaweza kuwa na silika ndani, na baadhi yenu hata barakoa hamvai mnajifunga fulana puani. Pili vumbi linaingia kwenye mota, unaua mashine yako mwenyewe halafu unamlilia tajiri. Tatu nyuma ya bodi kuna waya, kisu kinaishia kwenye karatasi lakini diski haijui karatasi wala waya. Nimeona mtu ametupwa chini. Na wewe mleta mada, umeme ulizimwa kwenye swichi kubwa wakati huyo bwana anaingiza mkono pembeni ya boksi?

Mleta mada:
...Ulizimwa mzee. Niliuzima mimi. Yeye hakuuliza.

Mzee wa Pimamaji:
Basi umshukuru Mungu, usingekuwa na uzi leo ungekuwa na msiba.

Sina Baya:
Mimi naona kosa ni la mleta mada. Umesimama pale unamwangalia mtu anapiga nyundo ya kwanza, ya pili, anaingiza mkono, anasalimiana, wewe upo tu kama shahidi wa ndoa. Ungemtoa kwenye nyundo ya kwanza.

Mleta mada:
Ndugu yangu wewe hukuwepo. Ilikuwa haraka! Nyundo ya kwanza na ya pili hazikupishana hata pumzi, na ile ya mikono nilipigwa butwaa, akili ilikataa kuamini macho. Wewe ungeona mkono wa mtu unatokea ukutani kwako na mwingine unaupokea ungesema nini? Sema hapa mbele ya watu ungesema nini.

Sina Baya:
Ningesema hamjambo.

Roli ya Rangi:
Nyie mnalia jipsamu, mimi wa rangi amenipakia mpaka swichi. Swichi! Hakuifungua, hakuibandika tepu, kapitisha roli juu yake kama ni sehemu ya ukuta, sasa kuwasha taa natumia nguvu ya miguu. Halafu anasema "inapendeza zaidi ikifanana".

Mama Wawili:
Wa rangi ni balaa jingine. Wangu alipaka kabla skimu haijakauka, ikabanduka mapande mapande mithili ya ngozi ya nyoka. Naye alikuwa haraka anawahi kazi nyingine, wote wanawahi kazi nyingine, sijui hiyo kazi nyingine inafanywaga na nani maana huko nako wanasema hivyohivyo.

Mleta mada:
Jamani mada ni soketi. Nauliza hivi, hilo tundu naliziba vipi? Kuna mtu kaniambia nijaze magazeti halafu nipige plasta juu.

Msasa Mia Mbili:
Magazeti usithubutu, pale kuna umeme! Likate liwe pembenne safi kwa kisu na rula, hata kama litakuwa kubwa zaidi usiogope. Ingiza vipande viwili vya mbao kwa ndani, juu moja chini moja, vikamate kwa skrubu kupitia bodi ya pembeni. Kata kiraka cha bodi ileile ya 12.5 pungufu kidogo, kitoboe tundu la boksi KABLA ya kukiweka, kifunge kwenye hizo mbao. Skrubu iwe milimita 15 kutoka ukingo uliokatwa, ukiusogelea zaidi ya hapo unameguka. Halafu tepu ya neti kwenye maungio, plasta tabaka jembamba, ikauke, nyingine, ikauke, msasa. Na piga hiyo plasta pana, mkono mzima kila upande, ukipiga nyembamba litaonekana vimbe kila taa ikiwaka.

Bodi Ngumu:
Au mwite yuleyule arudi arekebishe, ni haki yako.

Mleta mada:
ARUDI?? Arudi aje kumaliza maamkizi?

Marumaru Saba:
Afadhali yenu yote hayo yanafichika. Mimi wa marumaru alianza kupanga kutoka mlangoni kwenda ndani, hakupima chumba, hakupiga uzi katikati, alipofika ukuta wa mwisho zimebaki sentimita mbili. Kakata vipande vya sentimita mbili mbili chumba kizima, ukuta mpaka ukuta, vinafanana na meno ya mtoto. Na vimepinda. Anaanza upande huu na sentimita mbili anamalizia upande ule na nne!

Mzee wa Pimamaji:
Hapo siyo marumaru kijana, hapo ni ukuta haukuwa mraba. Ulipima kona kwa kona? Ile hesabu ya tatu, nne, tano ya kujua kama kona iko mraba?

Marumaru Saba:
Mzee ukuta nimepima mimi, uko mraba. Aliyepinda ni yeye.

Roli ya Rangi:
Wa marumaru wangu alisahau kuacha mteremko bafuni, maji yanakwenda mlangoni yanakuja kutusalimia kitandani.

Mleta mada:
Kusalimiana tena... wakuu nawaombeni.

Mama Wawili:
@Roli ya Rangi bafuni usiniambie. Wangu mteremko aliuacha ila ameuelekeza ukutani, na ukuta wenyewe ni jipsamu ya kawaida siyo ile ya kijani ya kuvumilia unyevu, chini pamevimba pamekuwa laini, ukigusa kidole kinazama. Nani anamjua fundi bomba mzuri asiyewahi kazi nyingine?

Kisu Kikali:
Fundi bomba mzuri? Subiri niwaeleze wa kwangu alivyofunga koki ya moto kwenye tangi la choo.