Wana wa Uru: bomba la nyuma ya zizi

*Jumatano*

Dada Anna 06:12
Amkeni jamani. Bili ya maji ya Mama imekuja uniti 41. Mwezi uliopita 9. Uniti moja lita 1,000, pigeni hesabu wenyewe. Mama, Kelvin na ng'ombe wawili, nani anakunywa yote hayo?

Dada Anna 06:13
Kelvin ulifanya nilichokuambia jana?

Kelvin 06:40
Shikamoo shangazi. Nilifunga koki zote saa tatu usiku nikapiga picha mita. Asubuhi imeongezeka lita 400 na kile kinyota bado kinazunguka. Nikafunga na koki kubwa ya kuingilia ndani. Bado.

Dada Anna 06:42
Marahaba. Basi siyo choo wala tangi. Ni chini ya ardhi, kati ya mita na nyumba. Na kwa kuwa ni baada ya mita, ni letu. Watu wa maji hawaji kutuchimbia.

Kelvin 06:51
Nyuma ya zizi udongo unatitia, na migomba ya hapo imestawi kuliko ya kwingine.

Shemeji Thomasi 07:30
Ndiyo maana ndizi za safari hii zilikuwa nene 😂 Muacheni Mama amwagilie, Desemba tunywe mbege

Mose 07:31
😂😂 Nawahi mkungu wa mshare

Dada Anna 07:34
Thomasi tafadhali. Nimeongea na fundi wa Kiboriloni. Anasema tusiunge soketi, ukiziba hapa litapasuka mbele. Tutoe mita 30 zote tuweke bomba la poli nyeusi, rola moja bila maungio. Mtaro sentimita 60, mchanga chini na juu ya bomba, ndipo udongo urudi. Kila mmoja elfu 45.

Dada Anna 12:50
Mmesoma 14. Hela sijaona.

Ester 13:20
Nimetuma da Anna. Ila naomba kuuliza. Mtaro si tulishachangia 2016?

Godi 19:05
Ester usianze

Ester 19:06
Sianzi, nauliza. Tulichangia mtaro wa kufika magotini. Kelvin, bomba umelikuta wapi?

Kelvin 19:20
Kiganja na nusu hivi. Gari la majani linapita juu yake, na mzizi wa mparachichi umelibana. Nimefunga mpira wa tairi limetulia, lakini hatua tatu mbele linachuruzika tena.

Godi 19:24
Wachimbaji walikuta mwamba. Nilisema wakati ule ule. Mimi ndiye nilikuwa nyumbani, ninyi mlikuwa wapi?

Ester 19:25
Kelvin umegonga mwamba?

Kelvin 19:33
Bado shangazi

Shemeji Thomasi 19:34
Mwamba umehama kihamba 😂

Dada Anna 19:35
Turudi kwenye bomba. Nawaomba.

Kelvin 20:02
Bibi amesema niandike kama anavyosema. "Nimesikia. Hela ya mtaro sikuiuliza mwaka ule kwa sababu baba yenu alikuwa kitandani. Bomba chimbeni. Ila mkifika kwenye masale ya kaburi lake, jembe lisimame mpaka Godi aje mwenyewe. Na aje na sale mkononi, lile jani la kuombea msamaha."

Baba Mdogo 21:15
Neno la shemeji limefika.

Dada Anna 21:22
Tumesikia Mama. Basi fundi aanze Jumamosi kutoka kwenye mita hadi zizini. Pale kaburini poli ilale juu ya ardhi kwanza, asikate, na gari lisipite. Kelvin, mpaka Jumamosi fungulia maji asubuhi na jioni tu, jaza ndoo na pipa la ng'ombe, halafu funga kwenye mita.

Kelvin 21:23
Sawa shangazi

*Alhamisi*

Mose 05:40
Nilikuwa zamu ya usiku. Natuma mwisho wa mwezi

Dada Anna 05:58
Mose, fundi hasubiri mwisho wa mwezi. Tumeshapata watano. Godi?

Dada Anna 09:10
Godi?

Godi 13:47
Hela nimetuma. Jumamosi hii niko kazini. Labda ile nyingine.

Kelvin 14:02
Ba'mkubwa, Bibi anauliza nyingine ipi