Naomba ushauri: skopu ya raifo niiseti mita 100 au 200?

Wakuu habari, niko Mwanza, nina raifo ya kuwindia inayotumia risasi za saizi ya .30-06, kibali ninacho, nimefunga skopu (darubini ya kulengea) mpya sasa nataka kuiseti, yaani risasi ipige palepale ninapolenga kwa umbali fulani, kabla ya msimu. Najua risasi ikishatoka tu kwenye mtutu inaanza kuvutwa chini, ndo maana mtutu unainuliwa kidogo, risasi inakata mstari wa jicho mara mbili, ikipanda na ikishuka. Nikiseti 100, kwa mita 200 risasi yenye uzito wa greini 180 inashuka kama sentimita 10 hivi, 300 ndo balaa kabisa. Mzee mmoja kanishauri niseti 200, hapo 100 itapiga juu kama sentimita 5. Mi naona 100 inatosha, vichakani huku nani anapiga mbali hivyo? Halafu upepo wa ziwa mchana unasumbua, nyie mnaseti asubuhi au?