Kama njia yako ya gari ingekuwa mtu, ingekuwa nani? Tuliochelewa tupeane uzoefu

Mama Wawili wa Uyole
Habari za jioni ndugu zangu. Leo asubuhi nimesimama kituoni Uyole, hapa Mbeya, karibu saa nzima. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua, ukungu umeshuka mpaka kwenye matairi, mtoto mgongoni anapumua kwenye shingo yangu na hapo tu ndipo palipokuwa na joto. Nikamtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti kumlalamikia. Yeye anasoma London. Akaniambia dada, hata huku watu wanazisema njia za treni za chini ya ardhi kama wanavyosema mashemeji. Treni hizo zimeanza mwaka 1863, sasa ziko njia 11, kila moja na jina lake na rangi yake kwenye ramani. Kuna moja inaitwa Circle, maana yake duara, lakini tangu 2009 haizunguki tena ikakutana yenyewe, ina mkia unaotoka pembeni. Nyingine, Waterloo & City, ina vituo viwili tu na Jumapili haitembei kabisa. Nikamwambia huyo wa Jumapili ni mzee wa kanisa.

Basi nimeshinda nawaza. Uyole–Mbalizi yangu ni shangazi. Ukimpigia simu anakwambia "nimeshatoka", kumbe ndiyo kwanza anatafuta kanga. Akifika amebeba kila mtu: wa Nanenane, wa Sae, wa Mafiati, wa Iyunga, na ndoo za viazi juu. Anakuchelewesha, lakini ukiingia ndani unapata habari za mji mzima. Ninampenda na ananiumiza. Wa kwenu yukoje?

Mnyalu wa Kihesa
Kamwene dada. Huku Iringa, Ipogolo–Kihesa ni mama mtu mzima mwenye magoti. Kutoka kule bondeni Ipogolo mpaka mjini ni kupanda, na yeye kila siku anapanda kama ndiyo mara ya kwanza. Stendi kubwa ya mabasi ilipohamia Igumbilo ndiyo kabisa, mizigo imeongezeka na magoti ni yale yale.

Sokoine damu
Kabwe–Sokoine ni kijana. Haraka, kelele, anakuita "mama mdogo" huku anakusukuma. Hachelewi lakini hana adabu.

Binti Makete
Nyie mnalalamikia kuchelewa. Njia yetu ni baba mkali, hachelewi hata siku moja. Nikiwa kidato cha tatu, gari la kwenda Njombe lilikuwa linaondoka alfajiri giza totoro. Siku ya kurudi shule nilikosa kiatu kimoja, nikakitafuta kwa kurunzi, dakika tano tu. Natokea barabarani naona taa nyekundu zinazama kwenye kona. Nikakimbia na sanduku la bati kichwani mpaka kufuli likafunguka, daftari zikamwagika kwenye umande. Baba yangu mzazi alinikuta naziokota. Hakusema neno. Alivua koti lake akanivisha, tukarudi nyumbani kusubiri la kesho yake. Mpaka leo niko Dar, nikisikia honi alfajiri naruka kitandani.

Ndizi Mzuzu
Tukuyu–Mbeya ni mpenda watu. Kila mkungu wa ndizi ulioegeshwa barabarani lazima ausalimie. Nimesema.

Suka Mstaafu
Shikamooni wakubwa, wengine marahaba. Nimeendesha daladala na baadaye Costa miaka mingi ndani ya Mbeya, sasa nafuga kuku. Naomba niseme jambo moja kwa moyo wote, kwa sababu sisi tumetukanwa sana. Njia haina tabia. Mwenye tabia ni hesabu.

Unachukua gari asubuhi, tajiri, yaani mwenye gari, ametaja kiasi anachotaka jioni. Mafuta unaweka wewe. Konda umlishe. Mpiga debe pale kituoni naye anadai chake kwa kila gari linalojaa. Ukiondoka na siti sita tupu, mafuta ni yale yale na mlima ni ule ule, Iwambi haikupunguzii kwa sababu huna abiria. Kwa hiyo unasubiri. Abiria aliyetangulia anakuchukia, anashuka. Akishuka yeye na wa pili anashuka, unaanza upya. Kuna asubuhi nimejaza gari mara tatu kabla sijaweka gia. Na ukimwona dereva anakatisha ruti, anageuzia Mwanjelwa wakati ubao umeandikwa Mbalizi, jua amepiga hesabu akaona jioni hatofika kwenye ile ya tajiri. Si haki kwa abiria, najua, nami nimefanya, na nyuso za watu wale niliowashusha bado naziona.

Mwalimu wa zamu
Mzee nakuheshimu, lakini kwenye hesabu hiyo wanafunzi wangu hawamo. Konda akiona sare anafunga mlango, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Juzi kipindi cha kwanza nilikuwa na watoto kumi na mmoja darasani kati ya arobaini na wawili. Wengine wakaja saa tatu, viatu vimejaa tope, na mimi ndiye niliyeagizwa kuandika majina ya waliochelewa. Nimeandika mara mbili. Ya tatu nikaiweka kalamu chini. Kwa mtoto, hiyo njia siyo shangazi wala mama. Ni mtu mzima aliyemwona barabarani akageuza uso.

Suka Mstaafu
Mwalimu, hapo umenishika. Sina la kujibu. Nilikuwa nabeba wanne kila safari, zaidi ya hapo konda alinung'unika. Ningeweza kubeba sita.

Mtoto wa Iyunga
Mbona wote mnasema barabara tu? Sisi tuliokulia karibu na stesheni tuna njia yetu, ni babu. Reli ya TAZARA ina kilomita 1,860, Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, imejengwa kati ya 1970 na 1975 na Wachina pamoja na vijana wetu, ikakabidhiwa 1976. Kipande cha Mlimba mpaka Makambako ndicho kilichowatoa jasho: madaraja marefu na mahandaki mfululizo, reli inaupanda mlima kidogo kidogo kama mtu anayeongea na mgonjwa. Marehemu babu yangu alifanya kazi kule. Alikuwa akipita kwenye handaki anavua kofia. Nilimuuliza sababu, akasema kuna wenzake hawakurudi.

Sokoine damu
Mkuu uzi unahusu kuchelewa. Reli inaingiaje?

Mtoto wa Iyunga
Unahusu njia kuwa mtu. Soma juu. Na dada katutajia treni za London mwenyewe, kwa hiyo treni ya London inaruhusiwa, ya Iyunga hairuhusiwi?

Mnyalu wa Kihesa
Iringa hatuna reli, tuacheni tulie na Kitonga yetu, ule mlima wa kona kwenye barabara ya kutoka Dar.

Mwakasege wa mbali
Umetaja Kitonga. Sikuwa na nia ya kuandika, nimesoma tu tangu mwanzo. Sasa naandika.

Tulikuwa tunampeleka baba Tukuyu kumzika. Amefia Dar. Tukaondoka saa kumi na mbili jioni, Costa ya kukodi, viti vya katikati vimeng'olewa ili jeneza likae. Mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pembeni yake, akakataa siti. Mpango ulikuwa tufike saa nne asubuhi, mazishi saa nane.

Saa saba usiku tukafika chini ya Kitonga. Malori yamesimama mpaka huwezi kuona mwisho, taa zimezimwa. Utingo mmoja akaja dirishani akasema kuna lori limelala kule juu kwenye kona, limeziba pande zote mbili, mbele hapapitiki hata kwa pikipiki. Dereva wetu akazima injini. Pale ndipo nilipousikia ule ukimya. Mtu akizima injini ukiwa na maiti ndani ya gari, unaelewa kwamba ile ngurumo ndiyo iliyokuwa inakusaidia.

Saa nane, saa tisa. Watingo waliwasha moto wa kuni ukingoni, wakatuita tuote. Hakuna aliyeuliza tumebeba nini, walishaona kitambaa cheupe kwenye kioo. Mmoja alitoa sufuria yake ya chai akampelekea mama kwanza. Saa kumi hivi mama akashuka. Mama yangu si mtu wa maneno. Akasimama katikati ya barabara, kanga mabegani, akautazama ule mlima mweusi akausemesha kwa Kinyakyusa, kama anavyosema na mzee wa jirani: "Mzee, tupishe. Tuna mgeni, anasubiriwa nyumbani." Halafu akakaa kwenye gogo la kuzuia tairi, akaanza kutusimulia namna baba alivyomchumbia. Sisi watoto wake sita hatukuwahi kuisikia hadithi hiyo. Baba alichelewa siku ya kujitambulisha! Alikuja kwa miguu kutoka Masoko, mto umejaa, akafika wajomba wameshakasirika, na suruali imelowa mpaka kiunoni. Mama alicheka pale Kitonga, saa kumi alfajiri, jeneza liko hatua tano nyuma yake. Nilidhani amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa.

Kulipokucha kaka akapiga simu nyumbani. Kaburi limeshachimbwa kwenye migomba, na mvua ya Tukuyu mnaijua, ikaanza. Vijana walivua mabati ya banda la ng'ombe wakafunika kaburi. Sisi tuliachiwa saa tano asubuhi. Tulipofika nyumbani ilikuwa saa tatu usiku, watu wote wapo, hakuna aliyeondoka, wamekaa kwenye matope na taa za chemli. Baba akalala usiku mmoja zaidi ndani ya nyumba yake, tukamzika kesho yake.

Kwa hiyo mkiniuliza Kitonga ni nani, mimi siwezi kumwita mtu mbaya. Nilimchukia saa kumi zote zile. Lakini bila yeye nisingejua ile suruali iliyolowa.

Ndizi Mzuzu
Ndaga fijo kaka. Pole sana.

Binti Makete
Nimelia kwenye mwendokasi watu wananiangalia.

Mnyalu wa Kihesa
Pole ndugu yangu. Na wale watingo Mungu awabariki popote walipo.

Suka Mstaafu
Pole sana mwanangu. Nimepita Kitonga mara nyingi na nimewahi kulala kwenye foleni ya aina hiyo. Ushauri kwa wenye msiba: ondokeni Dar mchana, mfike Kitonga kabla ya giza, na muwe na maji na mafuta ya akiba.

Mwalimu wa zamu
Mchana ndiyo malori mengi zaidi, mzee. Bora usiku.

Suka Mstaafu
Usiku likianguka hakuna wa kulinyanyua mpaka asubuhi. Hesabu mwenyewe.

Sokoine damu
Mimi ushauri wangu ni watu wazikwe walipofia.

Ndizi Mzuzu
Sokoine hilo usilirudie mbele ya Mnyakyusa. Futa.

Sokoine damu
Nimekosea, naomba radhi kwa kaka. Sikufikiri. Mama yangu mwenyewe yuko Rungwe, na najua nitampeleka wapi.

Mwakasege wa mbali
Yameisha mdogo wangu.

Mama Wawili wa Uyole
Kaka, nimesoma nikiwa nakoroga uji, ukaungua. Nilianzisha jambo hili kwa hasira ya baridi na sikujua litafika huku. Mama bado yupo?

Mwakasege wa mbali
Yupo dada. Ana miaka themanini na mbili. Akipanda gari mpaka leo lazima akae karibu na dirisha, tukipita Kitonga anainamisha kichwa kidogo kama anasalimia.

Mtoto wa Iyunga
Kama babu na kofia yake.

Mwalimu wa zamu
Turudi kwa wanafunzi tafadhali. Hapa Mbeya barabara ya Uyole mpaka Ifisi inapanuliwa kuwa njia nne. Nauliza kwa nia njema: vituo vitakuwa na paa? Mtoto anayesubiri kwenye mvua anahitaji paa kabla ya njia ya nne.

Suka Mstaafu
Paa, na konda mwenye utu. Nimeongea na vijana wawili walionirithi gari, wamekubali kubeba sita. Wako Isyesye asubuhi. Mwambie mtoto aulize gari lenye ubavu uliobonyea kushoto, hilo lilikuwa langu.

Mwalimu wa zamu
Nitawaambia kesho kwenye mstari. Asante sana mzee wangu.

Mgeni Chimala
Samahani niko nje ya mada kidogo. Jumapili gari la kutoka Chimala kwenda Matamba lipo? Nina wifi amejifungua.

Binti Makete
Lipo, ila wahi. Hongereni. Na ukae mbele, zile kona 57 ukikaa nyuma utafika huna kitu tumboni.

Ndizi Mzuzu
Mbele ndiyo kubaya, unaliona korongo. Kaa katikati, ufumbe macho.