Gari lisilo na dereva likigonga mtu, nani apande kizimbani?

Ndugu yangu aliyetangulia kutoa hoja katika mjadala huu ametaka magari yanayojiendesha yaruhusiwe mijini bila kuchelewa, kwa kuwa mashine hailewi, haisinzii wala haichezei simu. Kwa hayo sina ubishi naye. Ninalolikataa ni dai lake kwamba kilichobaki ni kuboresha kamera na rada tu, kwani kikwazo ninachokiona mimi kimo katika sheria, ambayo tangu zamani imeandikwa ikimlenga mtu aliyeshika usukani.

Tutazame yaliyotokea Tempe, Arizona, nchini Marekani, Machi 2018, pale gari la majaribio la kampuni ya Uber lilipomgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi ulibaini kwamba mitambo ilimwona zaidi ya sekunde tano kabla ya kumfikia, lakini ikababaika: mara ni gari, mara ni kitu kisichojulikana, mara ni baiskeli, na kila ilipobadili jina ilianza upya kukadiria anakoelekea. Programu haikuwa imeandaliwa kwa mtu anayevuka nje ya kivuko (kana kwamba kuna mji ambao watu hawafanyi hivyo!). Aliyeshtakiwa ni mwangalizi aliyeketi kwenye kiti cha dereva. Kampuni haikufunguliwa mashtaka ya jinai. Sasa mwondoeni mwangalizi huyo, kisha mniambie hati ya wito wa mahakama atapelekewa nani.

Mamlaka ya jimbo la California iliyaruhusu magari hayo kubeba abiria wa kulipia jijini San Francisco usiku na mchana mnamo Agosti 2023, ilhali askari hakuwa na njia ya kuliandikia faini ya kosa la uendeshaji gari lisilo na mtu ndani. Oktoba mwaka huohuo gari la kampuni ya Cruise lilimburuta mtembea kwa miguu ambaye tayari alikuwa amegongwa na gari jingine, na kibali cha kampuni hiyo kikasimamishwa.

Anayedhani sheria inakwamisha ubunifu aitazame ile ya Uingereza ya 2024: gari linapojiendesha, aliye kitini hashtakiwi kwa makosa ya uendeshaji, na mzigo unahamia kwa kampuni iliyoidhinishwa. Huo ni mwanzo mzuri, ingawa kwa kampuni tajiri faini huhesabiwa kama gharama nyingine yoyote ya biashara. Dereva mzembe hunyang'anywa leseni yeye peke yake. Magari haya ya kampuni moja, kwa kuwa yote hutumia programu ileile, kosa la moja ni la yote. Je, yasimamishwe yote? Mimi naona ndiyo, hadi programu ikaguliwe upya na mtu asiyelipwa na kampuni. Anayepinga na alete hoja.