Cheti cha utalii endelevu kwa kikundi kidogo: tuanzie wapi?

Swali: Wadau, kikundi chetu cha kijamii kina vyumba sita vya wageni na waongozaji wa matembezi. Wakala wa safari anataka cheti. GSTC (Baraza la Kimataifa la Utalii Endelevu) wanatoa wenyewe? Tuandae nini kabla ya ukaguzi?

Mwanaukaguzi: GSTC haitoi cheti. Inaweka vigezo vya usimamizi, uchumi na jamii, utamaduni na mazingira. Wanaokagua ni mashirika mengine. Angalieni hapa: kiwango "kutambuliwa" na GSTC maana yake maandishi yake yanalingana na vigezo. Shirika "kupewa ithibati" maana yake hata ukaguzi wake umechunguzwa. Muulizeni wakala anataka kipi kabla hamjalipa hata senti.

Mama Mita: Someni mita za maji na umeme tarehe ileile kila mwezi, mgawanye kwa malazi, yaani idadi ya wageni mara usiku waliolala. Wageni 4 kwa usiku 3 ni malazi 12. Lita 3,600 ni 300 kwa kila mgeni kwa usiku mmoja. Msipogawanya, mwezi wa wageni wengi utaonekana wa ufujaji. Ila kinachoangusha vikundi mara nyingi ni karatasi: mkataba wa mwongozaji hauna sahihi, mgao wa mapato ulipitishwa kikaoni lakini muhtasari haupo. Na sera iliyonakiliwa kwa wengine? Mkaguzi akimuuliza mpishi swali moja, imeumbuka.

Mhasibu: Ombeni bei kwa maandishi, ada ya mwaka, siku za mkaguzi na nauli yake vikiwa vimetenganishwa. Nembo msibandike kabla cheti hakijatoka.