Mrejesho: Kompyuta ya duka letu la uchapaji sasa inatumia Linux Mint

Nilikuwa nimeuliza iwapo kompyuta ya mezani ya duka letu la uchapaji hapa Kondele, Kisumu, ingefaa kuhamishiwa Linux, mfumo endeshi wa bure, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, nayo mashine haina chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayohitajika na Windows 11. Nawashukuru mlionishauri kuwasha Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote, maana hivyo niliweza kuhakikisha kwamba waifai, sauti na printa vinafanya kazi.

Usakinishaji wenyewe haukuwa na makuu. Kazi ilikuwa kwenye hati za wateja: wasifu wa kazi ulioandikwa kwa fonti za Calibri au Cambria ulifunguka katika LibreOffice, programu za ofisi za bure, huku mistari ikihama, hadi nilipoweka Carlito na Caladea, fonti za bure zilizoundwa kwa vipimo vilevile vya herufi. Ratiba za mazishi, ambazo huku ndizo riziki yetu ya kila wiki, zilikuwa faili za Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. Draw, programu ya michoro ya LibreOffice, inazifungua, ila picha na fremu huvurugika, kwa hiyo ninazipanga upya kidogo kidogo.

Timeshift, programu ya kuhifadhi nakala za mfumo, pia inafanya kazi, lakini kwa kawaida huhifadhi mfumo peke yake, na ndiyo sababu faili za wateja ninazinakili kwenye diski ya nje.